Posa kwa Simu: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Mwenza Mtandaoni kwa Waliovuka Hamsini

Nilipofiwa na mume wangu nilikuwa na miaka 52. Nikakaa edda miezi minne na siku kumi, nikatoka, nikarudi kazini kwenye ofisi ya klaringi, ya kutoa mizigo ya watu bandarini, karibu na bandari ya Kilindini, Mombasa, nikaendelea kufuatilia makontena hadi nikastaafu. Miaka tisa ikapita. Watoto wakaoa na kuolewa, nyumba ya Tudor ikabaki na mimi, redio na paka. Siku nilipomwambia binti yangu kwamba nimejiandikisha kwenye programu ya kutafuta wachumba, aliniangalia kana kwamba ameniona nakwea mnazi. "Mama, hata wewe?" Hata mimi.

Tulipokuwa wasichana, mwanamume hakuja mlangoni peke yake. Alikuja mshenga, na kabla mshenga hajapewa jibu wazee walikuwa wameshatuma watu: huyu ni wa nani, anasali wapi, aliishi vipi na mke wa kwanza, ana deni dukani? Sasa mshenga ni simu. Ina kasi, haichoki, wala haidai kilemba, ila haijui ukoo wa mtu. Itakuletea jina na picha, basi. Upelelezi wote umebaki juu yako, na karibu makosa yote niliyoyaona, yangu na ya mashoga zangu, yalianzia hapo hapo paliporukwa. Nawaandikia wanawake na wanaume, wa msikitini na wa kanisani, panapotofautiana nitasema.

Kwanza, malizana na ya nyuma

Aliye eddani asubiri. Mjane ni miezi minne na siku kumi. Aliyeachwa ambaye hedhi imeshakatika ni miezi mitatu. Mkristo hana hesabu hiyo, lakini aliyezika mwenzake mwezi uliopita hayuko sawa kichwani, na walaghai wanamjua mtu wa namna hiyo kwa maneno yake mawili matatu.

Kama mlitengana bila talaka, nenda kwa Kadhi au mahakamani uipate kwa maandishi. "Tuliachana zamani" ni maneno. Mtu mwenye akili atataka kuona karatasi, na wewe pia utaitaka yake.

Kisha jiambie wazi unachotafuta: ndoa, mtu wa kuongea naye jioni, au mtu wa kusafiri naye? Vyote ni halali ya mtu kuvitaka, ila anayetaka ndoa akikutana na anayetaka maongezi, wote wawili watapoteza mwaka mzima.

Laini, nywila na programu

Mjukuu akusaidie kupakua, lakini nywila iweke mwenyewe. Ukiweza, nunua laini ya pili kwa kazi hii, usiisajili M-Pesa. Sababu ni M-Pesa. Mtu yeyote mwenye namba yako akianza kukutumia pesa, jina lako ulilosajiliwa nalo humtokea kabla hajathibitisha. Ukishampa namba umempa jina. Hilo lina faida pia, nitalirudia mbele.

Programu ziko nyingi. Tinder ilianza mwaka 2012 na wengi huko ni vijana, kwa hiyo ukiingia rekebisha umri unaoutafuta, la sivyo utaletewa rika la wanao. Badoo ni ya tangu 2006. Kwa Waislamu wanaotaka ndoa iko Muzz, nayo inakuruhusu kuficha picha kwa ukungu hadi wewe mwenyewe umfungulie mtu, na inakuruhusu kumweka walii, yaani msimamizi wako wa ndoa, asome mazungumzo. Kwa dada anayevaa nikabu au asiyetaka sura yake izagae Majengo nzima, hilo ni jambo kubwa. Usilipie chochote mwezi wa kwanza. Tazama sokoni kuna samaki gani kabla ya kununua kikapu.

Picha na maelezo

Picha iwe ya mwaka huu. Nilikwenda kukutana na bwana mmoja ambaye picha yake ilikuwa na nywele. Kichwani nilikuta upara unang'aa kama sahani. Upara si tatizo. Tatizo ni kwamba nilikaa dakika ishirini nzima nikijiuliza kingine alichopunguza ni nini.

Piga picha mchana, karibu na dirisha, ukiwa peke yako. Usiweke wajukuu. Usipige ukiwa mbele ya nyumba yako, wala mbele ya gari ambalo namba yake inasomeka, wala na beji ya kazi.

Maelezo yawe mafupi na yawe na kitu cha kushikika. "Mimi ni mtu mpole ninayependa Mungu" ameandika kila mtu kuanzia Vanga hadi Lamu. Niliandika hivi: *Mjane, miaka 61, mstaafu wa ofisi, Mombasa kisiwani. Naamka alfajiri, napika mbaazi vizuri na wali vibaya. Nataka ndoa, sina haraka. Ukivuta sigara tusisumbuane.* Wengi waliniandikia kuhusu huo wali. Usitaje kwamba una nyumba, shamba Kilifi, pensheni au kiinua mgongo. Usitaje hata kwa mafumbo.

Kilomita na feri

Programu itakuuliza utafute hadi kilomita ngapi. Hupima umbali anavyoruka kunguru, na kunguru wa Mombasa hapandi feri. Ukiwa Ganjoni, mtu wa Likoni ataonekana yuko karibu kama jirani, kumbe kati yenu kuna kivuko, foleni yake na jua lake la saa nane. Wa Bamburi ataonekana mbali, naye ni wa matatu moja tu kupitia daraja la Nyali. Kilomita 30 zinatosha kufika Mtwapa. Ukizidisha, jiulize kama kweli uko tayari kwenda Malindi kila Jumamosi na goti hilo.

Wiki ya kwanza ya maongezi

Ongeeni ndani ya programu kwanza. Anayekuhimiza siku ya kwanza mhamie WhatsApp ana sababu zake, na mara nyingi sababu ni kwamba akaunti yake itafungwa kabla ya wiki kwisha.

Uliza maswali ya mshenga bila haya: Unaishi mtaa gani? Na nani? Una mke? Usiulize kwa kuzunguka. Sheria ya Ndoa ya 2014 inakubali ndoa ya mitala kwa ndoa za Kiislamu na za kimila, kwa hiyo mtu anaweza kuwa na mke nyumbani na akaja kwako kihalali kabisa, bila kukudanganya, kwa vile hukumuuliza. Ndoa ya Kikristo, ya Kihindu na ya serikali ni ya mke mmoja. Mwenye ndoa ya namna hiyo hana nafasi ya kukuoa hadi talaka ipite. Mimi binafsi sikutaka ukewenza. Shoga yangu wa Kisauni aliutaka, kwa maneno yake "apate siku zake za kupumzika". Kila mtu na kipimo chake, muhimu ni kujua mapema.

Angalia pia anavyoandika. Mtu wa Pwani anakuuliza umeamkaje, umekula nini. Anayekuita "malkia wa moyo wangu" kabla hajakujua jina la pili ana wengine kumi anaowaita hivyo asubuhi hiyo hiyo, na maneno ni yale yale.

Upelelezi: hapa usiruke

Anza na picha. Ihifadhi kwenye simu, fungua programu ya Google, gusa alama ya kamera, ichague picha hiyo. Kama ni ya daktari wa Marekani au mwigizaji fulani, utaiona na jina la mwenyewe. Isipotokea popote haimaanishi ni yake, inamaanisha tu hujapata jibu.

Pili, video, kabla ya wiki mbili kwisha. Mchana, si gizani. Siku hizi hata video zinaghushiwa, kwa hiyo mwambie ageuze uso pembeni, apitishe mkono mbele ya pua, akuonyeshe dirishani kwake. Aliyeko Mikindani hatashindwa kukuonyesha Mikindani. Anayesema kamera imevunjika wiki ya tatu, basi kamera haikuvunjika.

Tatu, jina. Hapa ndipo M-Pesa inapokufaa: anza kumtumia shilingi kumi, soma jina linalojitokeza, kisha ghairi. Akijiita Salim na jina likaja la mwanamke wa mbali, muulize. Anaweza kuwa na maelezo ya kweli, laini ikawa ya dada yake. Lakini ayatoe yeye, wewe usimtungie.

Nne, na hii ndiyo iliyowafaa wazee wetu, tuma mtu. Mji huu ni mdogo. Ukijua mtaa, jina la baba na msikiti au kanisa lake, habari zake hazipiti siku tatu bila kukufikia. Mimi nilimtumia kaka yangu, aliyekunywa kahawa kwenye baraza moja Kongowea siku mbili mfululizo, akarudi na kila kitu: kwamba bwana ni mjane kweli, kwamba alikuwa fundi wa meli, kwamba ni mbishi akishindwa bao, na kwamba alimuuguza mkewe miaka mitatu bila kumpeleka kwa ndugu. Hilo la mwisho hakuniandikia yeye, wala lisingeingia kwenye programu yoyote.

Anayeona vibaya kuulizwa mtaani kwake, mshukuru na umwache.

Pesa

Kanuni yangu ni moja: haitoki hata shilingi mia hadi watu wangu na watu wake wamekaa chumba kimoja. Si nauli, si dawa, si vocha.

Nauli naitaja makusudi kwa ajili ya wazee wenzangu wa kiume. Bwana wa miaka 65 aliyepata kiinua mgongo chake anamtumia mrembo wa Nakuru nauli ya treni, anakwenda stesheni ya Miritini na shati lililopigwa pasi, anangoja hadi taa zinazimwa. Ameliwa nauli. Wenzake barazani watacheka mwaka mzima, na kwa kuwa atachekwa hatasema, na kwa kuwa hasemi mwingine ataliwa wiki ijayo.

Kwa wanawake hadithi huwa ndefu zaidi. Ni mhandisi wa mafuta baharini, au daktari wa jeshi, mjane, ana binti mmoja. Miezi miwili ni maneno matamu tu. Kisha mzigo wake umekwama Kilindini, au zawadi yako imeshikwa uwanja wa ndege wa Moi, na ushuru unatakiwa leo. Hapa niruhusuni, kwa sababu hii ndiyo kazi niliyoifanya miaka 27. Mzigo wa meli una hati ya shehena yenye namba, jina la meli na jina la mwenye mali. Unatolewa na ajenti aliyesajiliwa na KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, na ushuru unalipwa serikalini kwa namba ya malipo ya mzigo huo. Haulipwi kwenye simu ya mtu anayeitwa "afisa". Mwambie akupe namba ya hati na jina la ajenti, useme una ndugu bandarini atakayekusaidia. Nani Mombasa hana ndugu bandarini? Mwenye mzigo wa kweli atafurahi, maana siku za bure zikiisha kila siku kontena linalokaa pale linahesabiwa ada, naye halali usingizi. Mwongo atakasirika, atakuambia humwamini, atanuna. Mwache anune.

Na tuseme ukweli, tusijifanye sisi wa Pwani ndio tunaoonewa tu. Vijana wetu wa ufukweni wamewaimbia bibi vizee wa Ulaya nyimbo hizi hizi kabla intaneti haijafika.

Jambo jingine: asikuombe namba sita zilizokuja kwa ujumbe "kimakosa". Hizo ni za kufungulia WhatsApp yako. Ukimpa, jioni hiyo ndugu zako wote wataombwa mkopo kwa jina lako.

Kukutana mara ya kwanza

Mchana, mahali pa watu, kila mtu na usafiri wake. Mama Ngina baada ya Alasiri inafaa sana: kuna upepo, familia zinapita, mihogo ya kukaanga na madafu yapo, na mkiishiwa maneno mnatazama meli zinaingia. Kaeni mkielekea bahari, si kutazamana kama mahakamani. Mimi na yule bwana wa Kongowea tulikutana Fort Jesus, pana kiingilio, pana walinzi, na vivuli havikosekani. Alinieleza jinsi Wareno walivyoanza kuijenga mwaka 1593 kana kwamba alikuwa akiwachotea chokaa. Nilicheka, na nadhani hapo ndipo mambo yalipoanza.

Mwambie mtu mmoja unakokwenda. Kwenye WhatsApp mtumie mahali ulipo mubashara kwa saa moja au nane. Saa moja na nusu ya kukaa yatosha. Akikubembeleza uende kwake "ukaone tu", siku nyingine. Wa Likoni arudi kabla kivuko hakijajaa watoka kazini.

Nani alipe? Kwetu aliyealika ndiye alipaye, na mihogo haimfilisi mtu. Ila chukua nauli yako ya tuktuk ya kurudia, ili ukitaka kuondoka usimsubiri mtu.

Mwili

Tuyaseme maana kungwi wetu walifundisha wari, hawakufundisha bibi. Hedhi imekatika, mimba haipo, basi watu hudhani hakuna tena cha kuogopa. Virusi vya Ukimwi havina habari ya umri. Nendeni mkapime wote wawili kabla, hospitali ya Makadara au kituo chochote cha serikali, na kila mmoja aone jibu la mwenzake.

Ukavu kwa mwanamke wa umri wetu ni wa kawaida, wala si dalili kwamba hapendi. Duka la dawa huuza vilainishi vya maji. Mafuta ya nazi ya mama yana kazi nyingi nyumbani, lakini na kondomu ya mpira hayapatani, huilegeza ikapasuka. Na wewe bwana, kama una dawa ya moyo ya kuweka chini ya ulimi, vidonge vya nguvu za kiume ni hatari kwako: vikikutana na dawa hiyo presha huporomoka ghafla. Muulize daktari, usimuulize muuza dawa wa Marikiti. Mwambie pia mwenzako kuhusu sukari na presha yako. Atayajua tu siku ya kwanza mtakapokula.

Watoto na nyumba

Watoto wakubwa hawaogopi mapenzi yako. Wanaogopa nyumba. Ukilijua hilo utaacha kubishana nao kuhusu heshima na mtaongea jambo lenyewe.

Kwanza, mirathi ya marehemu igawanywe kabla hujaolewa tena, kila mtu ajue chake. Muone wakili au Kadhi, maana ndoa mpya huweza kugusa haki za mjane. Pili, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inawaruhusu wanaotaka kuoana kuandikiana mkataba wa mali kabla ya ndoa. Waislamu wanaweza kufuata sheria yao, na hapo hesabu inajulikana: mke akifiwa na mume mwenye watoto hurithi thumni, yaani moja ya nane, na mume hurithi robo kwa mke mwenye watoto. Mwanangu wa kiume alipoelezwa na Kadhi kwamba mume mpya hawezi kuimeza nyumba nzima, uso wake ulifunguka palepale. Tatu, pitia jina la mrithi ulilojaza kwenye pensheni na benki. Huenda bado ni la marehemu.

Wajulishe watoto baada ya upelelezi na kabla ya posa. Mapema mno watakuchosha kwa jambo ambalo huenda lisiwe, na ukichelewa wataambiwa na jirani.

Likiharibika

Ukituma pesa ukagundua umeibiwa, usimwandikie tena hata neno la kumlaani. Mpigie mtandao wa simu yako papo hapo, kisha nenda kituo cha polisi uandikishe upewe namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi. Hifadhi mazungumzo, namba na jumbe za M-Pesa. Usifute kwa hasira. Ujumbe wa kitapeli wa Safaricom hupelekwa 333. Akikutishia kusambaza picha zako, usimlipe. Ukilipa mara moja amejua unalipa. Sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 inamwadhibu anayesambaza picha za faragha za mtu kwa faini hadi shilingi 200,000 au kifungo hadi miaka 2. Na umwambie mtu mmoja nyumbani. Mimi niliibiwa 14,000 na "bwana wa Dubai" mwaka wa kwanza, nikaficha miezi mitano. Nilipomwambia dada yangu, akaniambia yeye alitoa 30,000.

Ukishampata

Kufuta programu kwenye simu si kufuta akaunti. Ingia ndani, tafuta mipangilio, chagua kufuta akaunti kabisa, thibitisha, ndipo uiondoe simuni. Nilisahau hilo. Wiki ya pili baada ya nikahi shemeji yangu akapiga simu kutoka Nyali kuniuliza kama mambo yameharibika, kwa sababu rafiki yake amenitumia salamu mtandaoni. Nilikuwa jikoni nachochea mbaazi, bwana mwenyewe amekaa mlangoni ananiambia wali umeungua.